Baiskeli Isiyokwenda Popote

Mwishoni mwa mwaka 2024 mdogo wangu alinitumia voisi kutoka Iowa, Marekani. Ilikuwa ndefu, dakika sita na kitu, na bando langu lilikuwa linaishia. Niliisikiliza nikiwa nimesimama pale penye mtandao, chini ya mwembe nyuma ya kanisa, moyo unadunda. Mtu wa Amerika akituma voisi ya dakika sita, kwa kawaida ni msiba. Kumbe alikuwa anauliza habari ya baiskeli.

"Yaya," alisema, ndivyo sisi watu wa Fizi tunavyomwita ndugu mkubwa, "kuna baiskeli moja hapa nataka kuinunua, lakini nimeona nikuulize wewe kwanza."

Baiskeli yenyewe haiendi. Inasimama sebuleni, ina gurudumu moja zito la chuma lisilogusa chini, na mbele ya usukani kuna skrini kama televisheni. Ukipanda, mwalimu anatokea kwenye skrini, yuko New York, anakwambia kaza, sasa ongeza uzito, sasa simama juu ya pedali. Pembeni kunapita majina ya watu wengine walio katika darasa hilohilo, kila mmoja nyumbani kwake, unaona nani yuko mbele yako na nani yuko nyuma. Mara nyingine mwalimu anataja majina ya watu. Kampuni inaitwa Peloton. Bei ya ile ya kawaida wakati huo ilikuwa dola 1,445, na ada ya madarasa dola 44 kila mwezi. Viatu vyake vya kunasa kwenye pedali ni pesa nyingine.

Jina hilo lilinifanya nicheke vibaya. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunajua peloton ni kikosi cha askari, na tunajua pia ile peloton inayopanga mtu ukutani. Kwa wenzetu wa mbio za baiskeli ni lile kundi la waendeshaji wanaokwenda pamoja wakikingana upepo. Neno ni moja, inategemea ulilisikia ukiwa wapi.

Sababu aliitoa mwishoni, harakaharaka, kama mtu anayetaja bei ya kitu anachokionea aibu. Daktari alimpima presha akakuta 160 kwa 100. Sukari nayo imeanza kupanda. Amepewa vidonge na ameambiwa afanye mazoezi. Anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, anasimama mahali pamoja saa nane, kisu kimoja, mkato uleule, nguruwe baada ya nguruwe. Akitoka asubuhi kuna theluji. Barabara ya mbele ya jengo lao haina njia ya mtu wa miguu. "Sasa wewe unaonaje, yaya? Niinunue?"

Nilirudi nyumbani nikawasikilizisha watu wote uani ile voisi. Sikuona ubaya. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Mmoja alisema, baiskeli isiyo na tairi, si wangemuuzia na mtumbwi usio na maji. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye hakosi neno, alisema angalau hii haina mpira. Tulielewa wote anasema nini. Dunlop alitengeneza tairi la upepo mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, Ulaya nzima ikapenda kuendesha, na mpira wa tairi hizo ukatafutwa kwetu, katika Kongo ya Leopold, kwa viboko na mikono iliyokatwa. Starehe ya mtu mmoja ina mahali inakotoka. Mzee alisema lile neno kisha akaendelea kuchambua maharage yake.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu. Dola 1,445, ongeza 44 mara 12, ni dola 1,973 kwa mwaka wa kwanza, karibu milioni tano za Tanzania. Mdogo wangu hututumia dola 100 kwa mwezi, mimi na mama yetu. "Hiyo ada ya mwalimu peke yake," mke wangu alisema, "ni karibu nusu ya kile anachotutumia. Kila mwezi." Halafu akanyamaza, na hapo ndipo kicheko kilipokwisha uani.

Niseme na mimi nina baiskeli. Hapa Nyarugusu wengi mnaijua, ile nyeusi yenye keria ya nondo. Siku za mgao nabeba unga na mafuta ya watu kutoka kituo cha ugawaji mpaka mlangoni kwao, hasa wazee na mama wenye watoto wadogo, na wananipa chochote. Siku nyingine nabeba tofali. Jasho ninalotoka lina kazi. Kwa hiyo jioni ile, nikiwa na uchovu wa kweli mgongoni, nilimjibu mdogo wangu kwa maandishi. Niliandika: "Unataka kununua jasho? Sisi hapa tunalo bure. Njoo usukume yangu." Nikaweka na alama za kucheka.

Alama mbili za bluu zilitokea. Hakujibu. Hakujibu siku ile wala kesho yake. Zilipita siku 12. Mama akaanza kuuliza, mbona mtoto hapigi, mmegombana? Nilisema mtandao ni mbaya.

Katika siku hizo 12 niliwaza mambo ambayo nataka kuyaweka hapa, kwa sababu naamini si mimi tu mwenye ndugu huko, na si mdogo wangu tu anayeulizwa na watu wa huku kila senti imekwenda wapi.

Kuna mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, ambaye mwaka 1972 alichapisha makala inayofundishwa mpaka leo vyuoni. Aliiandika wakati mamilioni ya wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, Bangladesh ya leo, walikuwa wamekimbilia India. Ndani yake ametoa mfano wa bwawa. Unapita, unaona mtoto anazama katika maji ya kina kifupi. Ukiingia kumtoa utachafua nguo zako. Je, utaacha mtoto afe kwa ajili ya nguo? Hakuna anayesema ndiyo. Basi, anasema Singer, kama unaweza kuzuia jambo baya sana bila kutoa kitu chenye uzito sawa nalo, unapaswa kulizuia, na umbali haubadilishi chochote. Mtoto akiwa mbele yako au akiwa nchi nyingine, nguo ni nguo tu.

Mkimbizi akisoma hoja hiyo anaipenda mara moja. Mimi niliipenda. Baiskeli ya sebuleni ndiyo nguo, sisi ndio mtoto. Mwaka 2023 mgao ulipopunguzwa, kuna wiki tulikula mara moja kwa siku, na mama akasema hasikii njaa. Sasa mtu anataka kulipa dola 44 aambiwe piga pedali! Ukiiweka hivyo, kesi imekwisha.

Lakini nilipoikariri mara ya tatu na ya nne nikaanza kuona mahali inapobana. Katika mfano ule mtu anayepita ni mkavu. Amevaa vizuri, anakwenda zake, hana shida yoyote isipokuwa nguo. Mdogo wangu hakupita bwawani kwa matembezi. Alikuwa ndani ya maji pamoja na sisi, jina lake likatoka katika orodha, akavutwa nje. Alifika Iowa na begi moja na deni: tiketi yake ya ndege ya kwenda Marekani ilikuwa mkopo, hauna riba lakini unarudishwa mwezi kwa mwezi. Bado ana maji katika nguo. Na sisi tulio ndani tunapiga kelele kwamba asikae juani kujikausha.

Halafu presha. Singer mwenyewe ameweka sharti: bila kutoa kitu chenye uzito sawa. Mshipa wa kichwa cha mtu si nguo. Tumeona hapa kambini watu wazima wa miaka 45 wanaamka upande mmoja hausikii, mdomo umekwenda pembeni, na tunajua nyumba ile inakuwaje baada ya hapo.

Nilipofika kwenye hoja hiyo nikafurahi, nikadhani nimepata jibu la kumtumia: nunua, kwa sababu ukipooza nani atatutumia? Nilikuwa nimeanza hata kuiandika. Kisha nikaisoma, nikasikia vibaya kuliko niliposoma ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa dharau. Hii ya pili ilikuwa ya mtu anayemkagua ng'ombe wake. Ng'ombe akikohoa unamwita daktari wa mifugo, maana maziwa yatakatika. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho nilimuuliza mdogo wangu habari ya mwili wake bila hesabu nyuma yake. Sikukumbuka.

Hapa nitasema jambo kwa ninyi wa mashirika mnaosoma karatasi hizi, na msikasirike. Miaka michache iliyopita alikuja kijana na fomu, anatafuta kaya zenye uhitaji zaidi. Maswali yalikuwa mengi: wiki iliyopita mmekula nyama mara ngapi, mna redio, mna godoro, mna simu. Simu yangu ya tachi ilikuwa mezani. Aliitazama, akanitazama, akaandika. Hakusema neno. Ile simu nilinunuliwa na huyuhuyu mdogo wangu ili mama amwone uso. Lakini katika fomu ilikuwa simu tu, na niliona kwamba nimehesabiwa, na kwamba kitu kimoja chenye kioo kimenitoa kwenye orodha ya wenye shida. Nilikaa na hasira hiyo miezi. Nilikuwa nikisema kwa watu, kwani mkimbizi ni tumbo tu? Hawezi kutaka kuona uso wa ndugu yake?

Na sasa mimi nimekaa uani na mke wangu na majirani, tuna fomu ya mdomo, tunamhoji mtu aliye mbali kwa kitu chenye kioo.

Sitaki kusema kwamba kijana yule alikosea kabisa. Chakula kikiwa hakitoshi lazima mtu ahesabu. Na mke wangu hakukosea hesabu, 44 ni karibu nusu ya 100 popote duniani. Ninachosema ni kwamba ukihesabu tu, unaona vitu, huoni vinajibu nini. Kwa hiyo niliacha kujiuliza kama ana haki, nikajiuliza swali alilouliza mwenyewe: kile kitu kinafaa? Ni kitu gani hasa kinachouzwa pale?

Kwa upande wa mwili hesabu si ngumu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunahesabika. Moyo haujui kama pedali ina skrini. Baiskeli ya ndani isiyo na skrini inapatikana huko kwa dola 200 au 300, hata chini ya hapo, na video za walimu wanaokuonyesha mazoezi zimejaa kwenye simu bila ada. Basi ukitoa bei ya pedali, dola zinazobaki ni za nini? Ni za yule mwalimu, na yale majina pembeni.

Historia ya kampuni yenyewe inaonyesha hivyo. Ilianzishwa New York mwaka 2012, ikaenda polepole, halafu mwaka 2020 Korona ikafunga milango ya kila mtu. Watu wakagombania zile baiskeli, wakasubiri kwa wiki na wiki. Mwanzoni mwa mwaka 2021 thamani ya kampuni ilikaribia dola bilioni 50. Milango ilipofunguliwa watu wakatoka, wakarudi kwa wenzao, na Februari 2022 kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 2,800 na mkuu wake akaachia kiti. Baiskeli zilikuwa zilezile, mwili wa binadamu ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba watu wengi hawakuwa peke yao tena. Nadhani mdogo wangu ni mtu ambaye milango yake haikufunguliwa. Yeye bado yuko mwaka 2020.

Nilikumbuka pia hoja yangu ya jasho, kwamba jasho lisilobeba unga ni wazimu. Katika jela za Uingereza karne ya 19 kulikuwa na gurudumu kubwa la ngazi, lilibuniwa na injinia mmoja, William Cubitt, mwaka 1818. Wafungwa walilipanda saa nyingi kwa siku, hatua juu ya hatua, wakibaki palepale. Mahali pengine gurudumu lilisaga nafaka. Mahali pengine lilisaga hewa tu. Sheria ilikuja kuliondoa mwaka 1898. Niliposoma habari hiyo zamani niliona ndiyo mfano wa ukatili, kumtoa mtu jasho bure. Lakini vijana wetu wanacheza mpira pale uwanjani kila jioni mpaka giza, wanatoka jasho hawaleti hata kuni. Kwaya inaruka Jumapili nzima. Hakuna anayewahurumia. Kwa hiyo jasho bure si tatizo. Yule mfungwa aliwekwa na mtu mwingine, na katika jela nyingine waliweka mbao katikati ili asimwone wala kusema na mwenzake wa pembeni.

Siku ya 13 nilimpigia mimi. Nilikopa bando kwa jirani. Nilimwambia, samahani, nilikujibu kama mjinga. Akasema, "Si kitu, yaya." Mtu akisema hivyo kwa sauti ile, ni kitu. Nikamuuliza presha ikoje leo. Akanyamaza kidogo, akasema 158. Nikauliza analala saa ngapi. Nikauliza anakula nini akitoka kazini. Tuliongea hivyo, na baadaye ndipo akaniambia habari ambayo haikuwemo katika ile voisi ya dakika sita.

Kuna mwenzake wa kazini, mwenyeji wa pale, ambaye mke wake ana hiyo baiskeli. Siku moja walimkaribisha kwao chakula, wakamwonyesha. Mwanamke akapanda. Ilikuwa mara yake ya 100 kuendesha, na mwalimu aliyekuwa New York akasoma jina lake, akampongeza, pale sebuleni, watoto wakapiga makofi. Mdogo wangu akasema: "Yaya, hapa nina miaka minne. Kiwandani wananiita kwa herufi mbili za kwanza, jina wanasema gumu. Kwenye jengo sijui jirani yangu anaitwa nani na yeye hanijui. Wanaosema jina langu lote ni ninyi tu."

Nilisema basi, si tupo.

Akacheka. Akasema, "Mpo. Lakini ninyi mkisema jina langu najua kuna kitu kinakuja nyuma. Karo, shitingi, dawa ya mama. Sikatai, ni wajibu wangu. Ila yule mwalimu akitaja jina la mtu haombi kitu."

Nilitaka kumwambia kwamba yule mwalimu anaomba dola 44. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza, kwa sababu nilielewa anachosema. Zile 44 zinajulikana kabla, zina mwisho. Sisi hatuna mwisho.

Sasa, mtu aliyeniuliza anataka jibu, na mimi si mtu wa kukaa katikati. Nilimwambia hivi: kwa mtu mwenye mshahara mzuri ambaye ataipanda mara nne kwa wiki mwaka baada ya mwaka, sioni kosa, anunue, anapata anacholipia. Mtu wa namna hiyo kwa miaka mitatu ametumia dola 3,029, na kama imemweka hai hakuna wa kumcheka. Wewe una deni la tiketi, una kazi inayoweza kusimama wakati wowote, na hujawahi kupanda baiskeli ya mazoezi hata wiki moja mfululizo. Wakikwambia lipa kwa mafungu, ni deni la pili. Anza na ya bei ndogo. Ukiweza miezi sita, hiyo nyingine itakuwa bado ipo dukani. Na za mkono wa pili zimejaa huko, watu wametundika nguo juu yake. Ila ujue kwamba tangu Agosti 2024 kampuni inamtoza aliyenunua kwa mtu dola 95 kabla ya kuanza kulipia madarasa. Hilo nilikuwa nimelisoma katika zile siku 12. Alishangaa kwamba nimesoma. Nadhani hilo lilimfurahisha kuliko ushauri wenyewe.

Baada ya wiki moja alipata baiskeli isiyo na skrini, kwa dola 80, kwa mtu aliyekuwa anahama. Aliipandisha ngazi na mwenzake wa kazi.

Lile la pili lilikuwa wazo la mama. Yeye anarudi nyumbani saa mbili asubuhi yake, na wakati wa theluji hiyo ni saa kumi na moja jioni yetu. Mama akasema, sasa kwa nini asituweke sisi kwenye hiyo kamba ya usukani? Bando nalipia mimi, kutoka pesa ya keria. Mara tatu kwa wiki tunakwenda pale chini ya mwembe, mama anakaa kwenye kigoda, naweka simu juu ya jiwe, mdogo wangu anaonekana kuanzia kifuani, anapanda na kushuka. Mama anamwita jina lake lote, na la babu yake, na la ukoo, kwa sauti ambayo wapita njia wanasimama. "Kaza! Unalala!" Hajawahi kupanda baiskeli maisha yake.

Tuliweka sharti moja, na mimi ndiye niliyelisema mbele ya wote: katika dakika hizo 30 hakuna kuomba kitu. Hata kama shitingi imepasuka. Mambo ya kuomba yana siku yake, Jumamosi, na kwa maandishi, ili yeye ajibu akiwa amelala vizuri. Mke wangu alikubali kwanza. Mama alikubali, na wiki ya pili akavunja. Ilikuwa inanyesha juzi yake, maji yalikuwa yameingia upande wa kitanda chake. Alianza vizuri, kaza, kaza, halafu nikasikia anasema, mwanangu, unajua mvua ya huku. Nilimkonyeza. Akanitazama, akasema kwa kile kioo, "Mvua ni nzuri tu, mahindi yataota," akaendelea kumwita jina.

Mdogo wangu alikuwa ameshaelewa. Aliacha kupiga pedali, mabega yakasimama. Kisha akaanza tena, polepole. Jumamosi alituma pesa ya shitingi bila kuombwa.

Siwezi kusema tumepata ufumbuzi. Kuna siku mtandao unakata katikati na anabaki anaendesha mbele ya picha ya mama iliyoganda mdomo wazi. Kuna siku amechoka, hapokei, na mama anarudi nyumbani na kigoda chake bila kusema. Kipimo cha mwisho alichonitumia kilikuwa 142 kwa 90, na vidonge vina sehemu yao, daktari amemwambia asiviache. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba ile ya skrini bado anaiwaza. Niliandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika kwamba pesa ni yake, na kwamba Alhamisi mama atachelewa kidogo kwa sababu ni siku ya mgao.